Kufagia Kabla ya Kukabidhi

Kibeta, Bukoba
Jumatano ya Majivu, 5 Machi 2025

Shangazi Klaudia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa Izigo, na kwamba goti lako halijaanza ubishi wake wa kila masika. Mimi sijambo. Nimetoka kanisani muda si mrefu, majivu bado yako usoni, na kwa kuwa ni siku ya kufunga nimeona saa ya chakula niitumie kukuandikia.

Mvua huku imewahi. Radi ya mwezi uliopita iliunguza modemu ya ofisi yetu ya zamani ya Kashozi. Kwa kuwa pale siku hizi pamebaki stoo tu, tumepaacha hivyo hivyo bila mtandao. Aliyekuja kuikagua ni fundi wa kampuni ya intaneti, kijana mmoja anaitwa Mutalemwa. Alisema haitengenezeki, akakataa hata chai.

Naandika kwa sababu kwenye simu wewe husema "salama" mara tatu halafu unakata, na jambo hili linataka maelezo. Dereva Gozbert atakupa barua pamoja na bahasha za ofisi, si kila Jumatano anakuja Muleba na gari la Ushirika na kurudi Ijumaa.

Jambo lenyewe ni hili. Seva zetu tatu, hii ya makao makuu hapa Bukoba, hiyo unayoitunza wewe Muleba na ile ya Kashozi, zimeunganishwa na huduma ya kunakili mafaili. Ukihifadhi faili Muleba, baada ya muda mfupi linaonekana Bukoba na Kashozi, na sisi tukihifadhi letu linakufikia wewe. Iliwekwa zamani, wakati laini ya intaneti ilikuwa inakatika kila wingu likipita, ili kila ofisi iwe na mafaili yake karibu. Siku hizi laini ni nzuri, na mnaweza kufungua mafaili ya Bukoba moja kwa moja. Huduma imebaki kula intaneti bure, na mara nyingine inatuletea vurugu: watu wawili wakifungua waraka mmoja katika ofisi mbili, kazi ya mmoja inapotea. Meneja wetu, Bwana Riyadhi, ameniagiza mimi kama fundi wa kompyuta niiondoe kabla msimu wa kahawa haujachanganya.

Naomba unitazamie kama taa za seva yako zote ni za kijani, na uniandikie ni nani hapo Muleba bado anatumia mafaili yaliyomo. Msalimie sana Baba.

Mwanao,
Joviana


Izigo, Muleba
14 Machi 2025

Joviana mwanangu,

Marahaba. Goti linabishana nami, ila mimi ndiye mkubwa. Baba yako Byabato anapalilia kibanja asubuhi na kulalamika jioni, kwa hiyo ni mzima kabisa. Amekutumia mkungu wa ndizi kwa Gozbert. Ukifika umepungua vichane muulize Gozbert, usimuulize kaka yangu.

Umefanya vema kuandika. Umeeleza kama mwalimu na nimekuelewa. Taa zote ni za kijani. Kila asubuhi nafungua chumba, nawasha feni, nafuta vumbi kwa kitambaa kikavu kama ulivyonifundisha. Umeme ukikatika nakimbilia jenereta na goti langu hili hili. Kuhusu nani anatumia mafaili yaliyomo, ni mimi. Wengine wameshazoea kufungua ya Bukoba.

Sasa na mimi nina langu. Mkishaondoa hiyo huduma, seva itabaki Muleba ikifanya nini? Na kama haitakuwa na la kufanya, mimi niliyewekwa kuitunza nitabaki na kazi gani? Mapokezi ya kahawa yana mkuu wake, na barua za kuchapa siku hizi zinahesabika. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Sikulazimishi unipe jibu zuri. Nataka jibu.

Huyo Mutalemwa aliyekataa chai ni wa wapi?

Shangazi yako,
Klaudia


Kibeta, Bukoba
2 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mkungu umefika salama, vichane vyote. Nimepika nikawagawia na majirani, wamesema ndizi za Kibeta hazina ladha ya namna ile. Vipi goti? Nimemuuliza mfamasia mmoja akasema ulikande kwa maji ya moto kila jioni. Na Baba je, bado hataki kuvaa koti la mvua nililomnunulia?

Kazi inaendelea. Nimepitia folda zote zilizomo kwenye hiyo huduma, na nyingi ni takataka za zamani. Za maana ni zile ramani na picha za vibanja vya wakulima, ambazo mabwana shamba wetu wanazunguka kupima. Wanunuzi wa nje wamesema bila ramani ya kila kibanja hawachukui kahawa yetu, kwa hiyo hizo ndizo roho ya Ushirika msimu huu. Hatuna wasiwasi nazo, maana ziko kwenye seva yetu na yako pia.

Nina ombi dogo. Mpe Gozbert ufunguo wa akiba wa chumba cha seva, ili nikija nisikusumbue kama utakuwa umetoka. Na tafadhali usikimbie kwenda kwenye jenereta. Afya yako kwanza.

Nakuombea Kwaresima njema.

Mwanao,
Joviana


Izigo, Muleba
25 Aprili 2025

Joviana,

Marahaba. Pasaka ilikuwa nzuri. Kwaya iliimba mpaka padre mwenyewe akasahau kukaa. Baba yako alivaa koti lako kanisani siku ya jua kali, akalivua mvua ilipoanza, eti lisichafuke.

Ufunguo wa akiba sikumpa Gozbert. Nilikuwa nao mfukoni na yeye alikuwa mbele yangu, akaondoka, nami nikaingia ndani. Wiki iliyofuata ikawa vivyo hivyo.

Hukunijibu. Nimeisoma barua yako mara tatu nikidhani labda jibu liko upande wa nyuma. Nimekutana na goti, ndizi, koti na mfamasia. Mwanangu, uliishi kwangu tangu darasa la tano hadi ulipoolewa na masomo ya kompyuta. Siku uliyovunja chungu changu kikubwa ulikuja jikoni ukaniuliza kama miguu inaniuma. Ukanipa pole ya kuchota maji. Ukataka hata kunikanda mgongo. Mimi nikajua papo hapo kwamba ndani kuna vigae.

Nauliza tena, kwa mwandiko mkubwa ili usiseme hukuona. NITABAKI NA KAZI GANI?

Klaudia


Kibeta, Bukoba
7 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa barua fupi, kazi zimenizidi. Msimu umekaribia na Bwana Riyadhi hanipumzishi.

Nitakuja Muleba mwenyewe Jumatatu ya tarehe 19 na gari la ofisi kumaliza ile kazi ya kuondoa huduma. Naomba siku hiyo uwe tayari kukabidhi chumba na seva. Ufunguo tutaonana nao huko huko.

Mengine tutazungumza nikifika. Usiwe na wasiwasi wowote, waitu.

Mwanao,
Joviana


Izigo, Muleba
16 Mei 2025

Joviana,

Marahaba. Umeandika "kukabidhi". Hilo ni jibu, hata kama hukutaka liwe jibu. Asante.

Chumba kiko tayari. Nimedeki sakafu kwa sabuni, nimefua pazia, nimetoa maboksi matupu yaliyokuwa nyuma ya mlango tangu enzi za karani aliyenitangulia. Leo asubuhi nimekaa kwenye mashine yenyewe nikasafisha na humo ndani. Folda zote zilizokuwa zimerundikana, za zamani na za juzi, nimezifuta, na lile pipa la taka la kompyuta nimelimwaga pia. Ya Bukoba mnayo Bukoba, umeniandikia mwenyewe kwamba huko mna kila kitu. Hii ya kwangu nimeiacha nyeupe.

Unajua kwetu mgeni haingii ndani kabla nyasi za sakafuni hazijatolewa na mpya kutandikwa. Na mtu akihama, anaacha amefagia. Asije mtu akasema Klaudia alikaa kwenye nyumba ya Ushirika miaka yote hiyo na akaiacha chafu.

Njoo Jumatatu. Nitakuwa nimevaa gauni langu la Pasaka.

Klaudia


Kibeta, Bukoba
21 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Jumatatu sikuja. Nilikupigia simu, ukasikiliza mpaka nikamaliza kulia, ukasema "Tutaandikiana," ukakata. Kwa hiyo naandika.

Huduma ile hainakili kuhifadhi peke yake. Inanakili na kufuta. Ulipokuwa unafuta Muleba Ijumaa asubuhi, ilikuwa bado inafanya kazi, na ikafikisha habari hapa Bukoba kwamba folda zile hazitakiwi tena. Seva yetu ikatii, ikafuta. Bwana shamba wetu Mugisha alikuwa na ramani moja wazi kwenye kompyuta yake, akaniita kuniuliza mbona zilizobaki zinatoweka. Nilipofika mezani kwake folda ilikuwa tupu. Barua yako Gozbert aliniletea jioni, mambo yakiwa yamekwisha.

Utaniuliza akiba iko wapi. Haipo. Miaka yote tumekuwa tukisema tuna nakala kwenye seva tatu, tunataka akiba ya nini tena. Kumbe seva tatu zinazoigana ni kama seva moja: moja ikikosea zote zimekosea. Nilipanga kuchukua akiba siku ile ile ya Jumatatu kabla sijagusa kitu. Wewe ulifagia Ijumaa.

Limebaki tumaini moja. Seva ya Kashozi haijaongea na wenzake tangu radi ya Februari, kwa hiyo haijasikia kwamba kuna kitu kimefutwa. Kesho naifuata. Ikiwashwa haitakiwi iguswe na waya wa mtandao hata kidogo, maana ikisikia tu, nayo huenda ikafuta. Mutalemwa amesema atakuja kunisaidia kuibeba.

Sasa swali lako, ambalo ningelijibu tangu Machi usingefagia kitu. Ndiyo. Tangu Januari nilijua kwamba chumba cha seva cha Muleba kitafungwa na nafasi yako itaishia Desemba. Bwana Riyadhi alisema nisikuambie mpaka bodi ipitishe. Mimi nikajificha nyuma ya agizo hilo, kwa sababu sikuweza kuandika kwa mkono wangu kwamba kazi ninayoifanya ndiyo inayokutoa wewe. Wewe ndiye uliyenipeleka kuona kompyuta kwa mara ya kwanza, kwenye hicho hicho chumba. Ningekuwa nimekueleza mambo mawili, la kazi yako na la kufuta, haya yote yasingetokea. Nilikueleza kuhifadhi tu. Nisamehe.

Bwana Riyadhi anataka ripoti ya nani alifuta. Nitaandika kwamba ni kosa langu.

Joviana


Izigo, Muleba
6 Juni 2025

Joviana mwanangu,

Marahaba. Ijumaa mbili Gozbert amerudi kwako mikono mitupu. Niliandika, nikachana. Nikaandika tena, nikawashia moto wa chai. Hii ya tatu nimeamua iende hivyo hivyo.

Nianze na ripoti. Aliyefuta ni mimi. Usinivue hilo. Najua umeandika au unataka kuandika kwamba mzee wa watu hakujua, masikini. Sitaki. Miaka yote niliyokaa pale hakuna karatasi iliyopotea mikononi mwangu, na kama mwishoni imepotea roho yote ya Ushirika, basi jina langu liwepo pale, herufi zote. Andika Klaudia alifuta. Kisha, kama unataka, andika na lako chini yake.

La pili. Nilipotoka ofisini siku ile ulipopiga simu sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipita kwa wakulima wawili watatu niliokuwa nimewasindikiza mwenyewe kupimiwa vibanja. Walinikaribisha, wakanipa pombe ya lubisi, wakaniuliza kahawa ya mwaka huu itachukuliwa lini. Nikanywa, nikaaga. Nimeona aibu, Joviana. Sijawahi kuona aibu namna ile.

La tatu ndilo zito, ndilo lililonishinda mara mbili. Kazi kuisha naijua. Kila mtu kazi inamwishia, na hata feni za ile mashine zilikuwa zimeanza kuchoka. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa unaniuliza habari za goti huku unajua. Nilikuwa naamka asubuhi nakwenda kupangusa vumbi la kitu ambacho mwanangu anajua hakina siku nyingi, na mwanangu huyo huyo ananiandikia nisikimbie, afya kwanza. Nilijiona mjinga. Ningeambiwa, ningepangusa hivyo hivyo, lakini nikiwa najua ninachopangusa.

Basi. Nimelisema limetoka.

Kashozi mmepata nini? Usinifiche hata kama ni baya.

Klaudia


Kibeta, Bukoba
18 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sikuulizi habari za goti.

Kashozi tumepata karibu vyote. Nianze na hilo ukae.

Seva ilikuwa stoo kwa Verdiana, yule mama anayetutunzia magunia. Alikuwa ameifunika kitenge isipate vumbi, na juu ya kitenge kuku wake alikuwa ametagia. Verdiana alikataa kabisa tumwondoe kuku siku hiyo. Alisema, "Mwacheni aangue kwanza, mashine yenu si imelala?" Tukabembeleza. Mutalemwa akamchukua kuku mzima mzima na mayai yake kwenye ungo, akamhamishia kona nyingine kwa upole mpaka kuku mwenyewe hakupiga kelele. Tuliichomoa mashine nyaya zote, tukaja nayo Bukoba, nikaiwasha mezani kwangu ikiwa haijaungwa popote. Nilikuwa nimeshika waya wa mtandao mkononi muda wote, nikiogopa mtu asije akauchomeka kwa wema. Folda zikafunguka. Nilikaa chini sakafuni nikalia, na safari hii hukuwepo kunikatia simu.

Nimeshatoa akiba kwenye diski mbili. Moja iko kwenye kabati la chuma la Bwana Riyadhi, nyingine haitakaa ofisini kabisa. Diski hizo hazimwigi mtu.

Lakini ni karibu vyote, si vyote. Kashozi ilikuwa imeishia Februari. Ramani zilizopimwa tangu hapo, ambazo ni za Izigo na jirani zake, hazimo. Vifaa vya Mugisha vilikuwa vimeshafutwa ili kupisha vipimo vingine. Hizo lazima zipimwe upya kabla wanunuzi hawajaja kukagua.

Ripoti nimeandika kama ulivyotaka. Klaudia alifuta. Chini yake: Joviana hakumweleza, ingawa aliulizwa mara mbili kwa maandishi. Bwana Riyadhi aliisoma, akaniuliza, "Na mimi je, niliyekuambia usimwambie?" Akachukua kalamu akaongeza lake. Bodi imeipokea na majina matatu. Nafasi yako bado inaishia Desemba, hilo halikubadilika. Ila Bwana Riyadhi anakuomba mpaka hapo umwongoze Mugisha kuzipima upya zile za Izigo, kwa kuwa wewe uliwasindikiza mara ya kwanza na wakulima wanakujua. Nimemwambia nitakuuliza, si kukuagiza. Jibu lolote ni sawa.

Sasa huduma yenyewe. Nataka tuiondoe Jumatatu ya tarehe 30, na sitaki kuja na gari. Nataka uifanye wewe huko na mimi huku, tukiwa kwenye simu. Nakueleza sasa yote, hata yale usiyoyahitaji. Kwanza tunaitoa Kashozi kwenye ule uhusiano. Kisha tunaitoa Muleba. Hapo hatugusi kitu chochote. Tunasubiri kila seva ipate habari kwamba haifuatwi tena na haimfuati mtu, na nitahakikisha mimi mwenyewe. Zikishajua ndipo tunaondoa huduma yenyewe. Mwisho kabisa, baada ya yote, ndipo unaweza kufuta chochote Muleba. Kufagia ni mwisho, Shangazi.

Joviana wako


Izigo, Muleba
4 Julai 2025

Joviana mwanangu,

Marahaba. Goti haliko vizuri, nakuambia bila kuulizwa.

Mwambie Riyadhi nimekubali. Tumeanza juzi. Mugisha anatembea na kile kidude chake mbele, mimi nyuma nikimwonyesha mpaka ulipo, kwenye mche upi wa mramba, kwenye mti upi. Kwa kila mkulima naanza mimi kueleza kwamba ramani ya kwanza niliifuta, ndiyo maana tumerudi. Mmoja tu ndiye aliyekasirika, na hasira yake ni halali. Wengine walicheka, wakatupa ndizi za kuchoma. Tutamaliza kabla wanunuzi hawajafika. Desemba ikifika naondoka. Mwambie asinitafutie mwezi wa nyongeza kwa huruma, nina kibanja kinachonisubiri na kaka wa kumvalisha koti.

Najua siku ile ulikuwepo kwenye simu, lakini hukuwepo chumbani, kwa hiyo nakusimulia. Uliposema Kashozi imetoka sikuona tofauti yoyote. Uliposema Muleba imetoka, nayo hivyo hivyo, taa zilikuwa za kijani kama kawaida. Halafu tukasubiri. Sijawahi kukaa kwenye simu muda mrefu namna ile tangu nizaliwe. Nikakusikia ukinywa chai, nikasikia na mtu mwingine karibu yako akiinywa pia. Nikasema moyoni, kumbe siku hizi anakunywa. Hilo tutalizungumza.

Uliponiambia sasa zote zimejua, nilibonyeza pale uliponielekeza. Nilipomaliza na kuzima mashine, feni zilisimama. Miaka yote sikujua zina kelele kiasi kile. Nilisikia kuku wa jirani, nikasikia watu wa mapokezi wanabishana kuhusu gunia. Kulikuwa na mvua nyepesi juu ya bati, nadhani ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Nililia kidogo, wewe ukasikia na hukukata. Asante kwa hilo.

Kisha nikafunga chumba. Ufunguo wa kwanza na wa akiba, zote mbili nimempa Gozbert pamoja na barua hii. Safari hii nilimwekea mkononi mwenyewe.

Nimekuwa nikifikiria ulivyonieleza, kwamba sasa nikifuta kitu huku kwangu, kwako kinabaki. Basi lile la kutonijibu tangu Machi, mimi nimelifuta leo. Limekwisha kwangu, sitalitaja tena wala sitamwambia baba yako. Ila wewe usilifute. Likae huko kwako, ili siku nyingine mtu akikuuliza kama bado ana kazi, umjibu.

Shangazi yako,
Klaudia